Kukoroma, hasira na mashine ya usingizi

Wadau, leo tuongelee kukoroma. Najua mtacheka. Mimi si daktari, nimemaliza fomu foo tu, lakini hili nimelisoma sana kwa sababu linavunja nyumba za watu kimya kimya.

Kuna kukoroma ambako ni ugonjwa, unaitwa apnia ya usingizi. Mtu akilala nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inaziba, pumzi inakata sekunde 10 au zaidi. Ubongo unamshtua, anavuta hewa kwa kishindo, kisha inaziba tena. Mara 5 kwa saa tayari ni tatizo, mara 30 ni kali. Mwenyewe hajui, anajua anayelala naye. (Jinamizi ni kitu kingine jamani, msichanganye.)

Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana anasinzia, kitu kidogo anafoka. Wengine wanapata huzuni na kukosa hamu ya lolote. Hapa Dodoma mtu akibadilika hivyo utani ni ule ule, "huyo wa Mirembe". Utani wa kijinga, kwa maoni yangu. Mirembe ni hospitali kama nyingine, na sonona inaweza kwenda pamoja na apnia. Ila daktari asipojua unakoroma anaweza kutibu nusu tu, na baadhi ya dawa za usingizi zinazidi kulegeza koo. Pombe pia. Kwa hiyo mwambie hata kama hajauliza. Dawa ulizopewa usiache mwenyewe.

Tiba kubwa ni mashine ya CPAP (wanatamka sipapu), aliyoibuni Colin Sullivan kule Sydney na kuitangaza 1981. Inasukuma hewa kwa barakoa ili koo lisizibe. Utafiti wa SAVE wa 2016, watu zaidi ya 2,600 wenye magonjwa ya moyo au waliowahi kupata kiharusi, haukuona ikizuia mshtuko wa moyo wala kiharusi kingine. Lakini waliopewa mashine walipungukiwa sonona na usingizi wa mchana.

Shida ni wiki za kwanza. Barakoa inakutia wasiwasi kama unakabwa, na wengi wanaacha hapo. Ivae kwanza mchana ukiangalia mpira. Kwa vumbi letu hili, chujio likaguliwe mara kwa mara. Umeme ukikatika lala ubavu. Ukiiacha siku chache tu, usingizi na hasira vinarudi.

Bei ndiyo kilio. Kupunguza uzito kunasaidia, na kuna kifaa cha mdomoni kwa wasio na hali kali. Anzia General au Benjamin Mkapa, uliza daktari wa masikio, pua na koo. Madereva wa njia ya Singida mnaosinzia mchana, nyie msisubiri.

Nawasilisha.