Mtoto mwenye ulemavu na njia ya kwenda shule



Kamati imeweka bweni la watoto wenye ulemavu kuwa mradi wa kwanza wa harambee ya mwaka huu, na wapo waliouliza kwa nini tusianze na barabara. Ni swali la haki. Kabla ya kupiga kura, tukumbuke elimu hii ilivyoingia nchini na kwa nini imechelewa kupanda mlima wetu.

Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Mwaka 1963 zikafuata ya wasioona Irente, Lushoto, na ya viziwi Tabora. Zote zilikuwa za makanisa, zote za bweni, na zote mbali na Uluguru. Mzazi wa Matombo au Mgeta alipaswa kumteremsha mwanawe hadi mjini Morogoro, kisha amsafirishe mkoa mwingine na asimwone hadi likizo. Na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, hivyo wajomba nao walikuwa na neno. Wengi walikataa, wala siwalaumu.

Azimio la Musoma la 1974 lilileta Elimu ya Msingi kwa Wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya kuwa lazima. Madarasa yakafika vijijini. Miteremko ikabaki ileile. Mtoto asiyetembea hubebwa mgongoni na mama yake darasa la kwanza na la pili. Akishakuwa mzito, na masika yakileta utelezi, anabaki nyumbani. Kwenye kitabu cha mahudhurio huandikwa mtoro, kana kwamba alikimbia.

Walimu waliozeekea kazi hii wametuachia mafunzo mengi, na mengine hayahitaji hata senti. Anayefundisha asiyeona asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Anayefundisha kiziwi asiongee huku ameupa darasa mgongo. Mwenye ualbino akae karibu na ubao, mbali na mwanga wa dirisha, na kofia yake isichukuliwe kuwa utovu wa nidhamu. Mwenye ulemavu wa akili afundishwe jambo dogo moja kwa wakati, na wenzake wasimfanyie kila kitu. Shule za viziwi za mwanzo zilisisitiza mtoto atamke na kusoma midomo. Ilichukua miaka mingi lugha ya alama kupewa nafasi yake. Hilo nalo ni somo: walimu wenyewe walilazimika kujifunza upya.

Mengine yanahitaji fedha, na hapo naingia kama mhasibu. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kitabu kimoja cha kiada kikiandikwa kwa nukta nundu hugeuka majuzuu kadhaa ya karatasi nene, na ruzuku ya darasa zima la watoto 60 hainunui mashine moja ya kuandikia maandishi hayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya watoto hawa kusoma, lakini haki hiyo haijajenga choo chenye mlango mpana.

Kwa maoni yangu, makisio ya mradi yana kasoro moja: yana vitanda, hayana nyumba ya mwalimu. Mwalimu aliyesomea elimu maalumu Chuo cha Patandi akipangiwa kijiji cha mlimani na kukosa pa kulala, ataomba uhamisho, na bweni litageuka ghala la mahindi. Napendekeza tupunguze vitanda awamu ya kwanza, tujenge vyumba viwili vya mwalimu, na tuajiri mlezi mmoja wa usiku kutoka hapahapa kijijini.

Michango ipokelewe na mweka hazina kwa stakabadhi. Anayetaka kutoa vifaa badala ya fedha amuulize mwalimu mkuu kwanza; baiskeli ya magurudumu ya hospitalini haipiti kwenye njia zetu. Mapato na matumizi yatabandikwa ofisi ya kijiji kila robo mwaka.