Mbona Sisi Tulikula Hivyo Hivyo?

Ukiambiwa usimpe mtoto uji uliolala, pengine unajibu: "Mbona sisi tulikula na tukakua?" Kweli, mlikua. Waliokufa wadogo hawapo kujibu.

Miaka ya 1950, akina mama wengi wa Kampala walianza kutumia chupa ya maziwa. Daktari Hebe Welbourn, aliyetibu watoto katika kliniki za huko, aliona watoto wa chupa wakiharisha na kukonda. Mwaka 1958 aliandika kuonya. Chupa ina shingo nyembamba. Uchafu hubaki ndani bila kuonekana. Kikombe ni rahisi kuosha.

Basi mzazi, mtoto anyonye. Akifika miezi sita, mwongezee uji mpya, kwa kikombe safi. Pika kiasi atakachomaliza.