Mumeishi pamoja bila nikahi: nani ana haki ya masurufu?

Watu wawili wamepanga chumba Kisauni. Wameishi miaka kumi, wamezaa, wamenunua ploti. Siku mmoja akifunga virago, je, aliyebaki anaweza kumdai masurufu?

Kwa kuishi pamoja tu, hawezi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inairuhusu mahakama kuamuru matunzo ya mume au mke, hata baada ya talaka. Hawara hatajwi hapo. Njia iliyobaki ni kuiomba mahakama iwahesabu kuwa mlioana.

Njia hiyo ni nyembamba. Januari 2023 Mahakama ya Upeo ilisema anayedai ndoa ya aina hii ndiye mwenye kuithibitisha: kwamba mliishi pamoja muda mrefu, nyote mlikuwa huru kuoana, mlikusudia na kuridhia, na watu waliwajua kama mume na mke. Katika kesi hiyo ndoa haikukubaliwa, kwani mwanamke alikuwa tayari na ndoa nyingine. Hata hivyo, ardhi yao ya Dagoretti, Nairobi, iligawanywa kwa mchango wa kila mmoja: asilimia 70 kwa mwanamke, 30 kwa mwanamume. Kwa hiyo usiyepata masurufu waweza bado kupata fungu lako katika mali, ukiwa na ushahidi. Weka risiti za vifaa vya ujenzi, rekodi za Mpesa na makubaliano ya maandishi.

Mtoto ni jambo jingine kabisa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawabebesha baba na mama jukumu sawa la kumlea, wawe wameoana au hawakuoana. Mama asikae kimya kwa kuona haya; Mahakama ya Watoto haimuulizi cheti cha ndoa ndipo imsikilize.

Kwetu Waislamu, Kadhi husikiza mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Mwanamke atakayemwendea kudai masurufu ya mke ataulizwa kwanza: nikahi ilifungwa lini, walii nani, mashahidi nani? Ikiwa ilifungwa nyumbani bila cheti, nendeni mkaisajili sasa, mashahidi wangali hai.

Na wewe mzazi unayeambiwa, "tutaoana tu, mambo yakikaa sawa," mwulize binti yako swali moja: yakiharibika kesho, ana nini mkononi?