Kicheko cha Msibani: Wapagazi wa Ukambani na Upuuzi wa Vita Kuu, 1914–1918

Utangulizi

Katika mihadhara yetu ya fasihi linganishi, mwanafunzi anayefundishwa kejeli ya vita hupelekwa kwanza Ulaya na Marekani. Husomeshwa Švejk wa Jaroslav Hašek (1921–1923), askari atiiye amri kwa bidii hata amri zenyewe zikaonekana wazimu. Kisha Catch-22 ya Joseph Heller (1961). Na akibahatika huonyeshwa Dr. Strangelove (1964), filamu ya Stanley Kubrick. Mwishowe hupewa istilahi ya kubebea yote hayo: "ucheshi mweusi". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo, iliyotafsiriwa neno kwa neno, inatuficha jambo tulilo nalo wenyewe. Na kwamba historia ya vita vilivyopiganwa katika ardhi yetu, tukiitazama kutoka Ukambani, inadai istilahi nyingine na kipimo kingine cha uhakiki.

Jambo hilo ni utani. Miongoni mwa jamii nyingi za Tanzania, kama vile Wazaramo na Wanyamwezi, mtani ana haki ya kufanya mzaha msibani. Huigiza mwendo na sauti ya marehemu, humsingizia madeni, na pengine huzuia shughuli mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Wataalamu waliouchunguza utani wa makabila wameuhusisha na misafara na vita vya zamani: waliopigana jana ndio wanaozikana leo. Yafaa tuzingatie masharti yake mawili. Kwanza, mtani hamcheki asiyemjua. Anayemwigiza ni mtu mwenye jina. Pili, mzaha wake haumwondolei kazi ya mazishi. Tukikiita kicheko hiki "kicheko cha msibani", tunapata swali la kuiuliza kila kazi ya sanaa inayovicheka vita: je, anayecheka anamjua marehemu?

Vita na vituko vyake

Vita vilipozuka Agosti 1914, Ukambani haikuwa mbali navyo. Reli ya Uganda hupita katika nyika iliyo chini ya milima ya Kilungu, ikielekea Makindu na Voi, na mwaka 1915 vikosi vya Wajerumani vilikuwa vikiitegea baruti. Hata hivyo, vita havikuingia vijijini kwa baruti bali kwa hesabu: idadi ya vijana ambao kila chifu alitakiwa kuwatoa. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wapagazi waandikishwe kwa nguvu, na uandikishaji mkubwa wa mwaka 1917 ulisimamiwa na John Ainsworth, yule yule aliyekuwa akitawala Machakos katika miaka ya 1890.

Upuuzi wa vita hivyo haukuhitaji mtunzi. Tanga, Novemba 1914, jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000 lilishindwa na maadui wachache mno kuliko wao, na katikati ya mapigano makundi ya nyuki yakawashambulia wapiganaji wa pande zote mbili bila kuuliza bendera. Mwisho wake ulifanana na mwanzo. Ulaya ilinyamazisha mizinga tarehe 11 Novemba 1918; huku kwetu, jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck alipata habari tarehe 13, akasalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25. Mpagazi aliyeuawa katika zile siku mbili za kati alikufia vita vilivyokwisha kwisha.

Wapagazi wengi, hata hivyo, hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na unga wa mahindi ambao matumbo ya wengi wao hayakuuzoea, tena mara nyingi haukuiva. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zilihesabu vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, na watafiti wa baadaye wanaona kuwa idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa sababu orodha hazikuonyesha barabara nani alikuwa nani.

Majina na ngoma

Wapagazi hawakuacha riwaya. Waliacha maneno. Kikosi walichoandikishwa, Carrier Corps, kikawa Kariakoo. King's African Rifles ikawa Keya. Kambi ya wapagazi ya Dar es Salaam iligeuka soko, nayo ya Nairobi ikaacha jina la Kariokor. Hata leo watu wanapatana bei ya mchicha na vikapu chini ya jina la kikosi cha mauti. Hapa mwanaisimu atatuonya, naye ana haki: kutohoa si kukejeli. Ulimi hulilainisha neno geni kwa kanuni za sauti, bila nia ya kumcheka mtu. Lakini kubaki kwa jina ni jambo jingine. Kambi nyingi za wakoloni zimesahauliwa. Hii imedumu, na imedumu kwa kuvikwa maisha ya kawaida, kama vile mtani anavyoigeuza sanda kuwa kanga.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni beni. Ngoma hii, ambayo jina lake latokana na bendi za Kizungu, ilianza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19. Vita viliipa miguu. Askari na wapagazi waliieneza hadi Nyasa, ambako ilizaa mganda na malipenga. Na Ukambani tunaikuta mbeni, ngoma ya vijana yenye firimbi, mistari iliyonyooka na sarakasi. Vyama vya beni kama Marini na Arinoti vilikuwa na wafalme, majenerali, makapteni na madaktari wao. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alikataa kuiona ngoma hii kuwa ni kuiga tu. Aliona ndani yake ushindani, mshikamano na ubunifu wa wenyeji. Twaweza kuongeza jambo moja. Mtu aliyebeba mzigo wa jenerali, kisha jioni akajiita jenerali mbele ya wenzake waliolijua jina lake halisi, alikuwa anatimiza sharti la kwanza la utani. Walijuana.

Riwaya na filamu

Kwa kipimo hicho hicho, sanaa ya wageni juu ya vita hivi huonekana pungufu. The African Queen, riwaya ya C. S. Forester (1935) na filamu ya John Huston (1951), huanza na wanakijiji kuchukuliwa na jeshi la Wajerumani. Kisha hadithi hufuata mashua ya Wazungu wawili, isiulize tena habari zao. An Ice-Cream War ya William Boyd (1982) ina kejeli kali, na vituko vya Tanga vimo. Lakini wahusika wake wakuu ni Wazungu, na wapagazi ni kama mandhari. Mwandishi ni mcheshi hodari aliyefika msibani akawacheka wenye nyumba, asiulize aliyelala ndani ya sanda ni nani.

Tofauti yake ni Bayume Mohamed Husen, ambaye wanafunzi wa Kiswahili yafaa wamjue. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto wa Wajerumani. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake, akanyimwa. Alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha mji huo, akaomba nishani ya vita, akanyimwa tena, akaigiza katika filamu za kuutukuza ukoloni, mojawapo Carl Peters (1941). Mwaka huo alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives (2020), amempa Ilyas mwisho unaofanana na huo. Riwaya hiyo haichekeshi sana, lakini inawajua marehemu wake.

Hitimisho

Mwaka 1928 sanamu tatu za shaba zilisimamishwa Nairobi, katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, mmoja wao mpagazi. Maandishi ya Rudyard Kipling yaliwekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yakiahidi kwamba wana wa anayeipigania nchi yake watalikumbuka jina lake. Juu ya sanamu hizo hapana jina hata moja. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wapatao 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hiyo ni kejeli isiyo na mtani.

Kilungu ndiko alikozaliwa David Maillu, ambaye katika The Equatorial Assignment (1980) alimbuni mpelelezi Benni Kamba 009 na kuyafanyia mzaha madola makubwa na majasusi wao. Uwezo wa kucheka, basi, upo. Kilichobaki kwetu sisi wa idara za lugha ni kazi ya pili ya mtani: kukusanya majina na ngoma za kila kilima, kabla ya kumwambia mwanafunzi kwamba kicheko hiki kilikuja kwa meli.