Ayurveda na afya ya akili

Ayurveda na afya ya akili ni mada inayohusu jinsi tiba ya jadi ya Uhindi inavyoeleza na kutibu matatizo ya moyo na akili, hasa ukosefu wa ari, huzuni isiyoondoka na kushindwa kutuliza mawazo. Jina Ayurveda limetokana na maneno mawili ya Kisanskrit: *ayus* (uhai) na *veda* (elimu).

Vitabu vyake vya msingi ni Charaka Samhita, Sushruta Samhita na Ashtanga Hridaya ya Vagbhata. Vinagawa elimu ya tiba katika matawi manane. Moja kati yake, *bhutavidya*, lilishughulikia watu walioaminiwa kuwa wamepagawa na pepo, na humo ndimo yalimowekwa mengi ambayo leo yangeitwa maradhi ya akili. Hata hivyo uvivu, huzuni na kutangatanga kwa mawazo havikuhesabiwa kuwa kazi ya pepo. Viliwekwa pamoja na magonjwa ya kawaida ya mwili, kama maumivu ya mgongo au kukosa hamu ya kula.

Chanzo cha matatizo

Kadiri ya Ayurveda, mwili unaendeshwa na nguvu tatu ziitwazo *dosha*: *vata* (yenye sifa za upepo: kavu, baridi, isiyotulia), *pitta* (yenye sifa za moto) na *kapha* (nzito, baridi, yenye unyevu). Akili nayo ina sifa tatu: *sattva* (uangavu), *rajas* (msukumo na tamaa) na *tamas* (giza na uzito). Charaka anasema kwamba ni *rajas* na *tamas* zinazoharibu akili. *Sattva* haihesabiwi kuwa kosa.

Katika sura ya 20 ya sehemu ya kwanza ya kitabu chake kuna orodha ya magonjwa 80 ya *vata*, 40 ya *pitta* na 20 ya *kapha*. Orodha hiyo inatenganisha mambo ambayo mgonjwa wa leo huyataja kwa pumzi moja. Uvivu (*alasya*), kusinzia na usingizi wa kupita kiasi vimo upande wa *kapha*. Kukata tamaa (*vishada*) kumo upande wa *vata*, na ugonjwa wa mwisho kabisa kati ya ile 80 ni akili isiyotulia mahali pamoja. Kwa hiyo watu wawili wanaolalamika kwamba hawawezi kufanya kazi wanaweza kupewa matibabu yanayopingana.

Waandishi wengi wa siku hizi hutafsiri *vishada* kuwa sonona. Ulinganifu huo ni wao, si wa Charaka: kwake ni neno moja tu katika orodha ndefu, bila maelezo ya dalili wala muda.

Matibabu

Kanuni kuu ni kutibu kwa kinyume. Aliyelemewa na *kapha* huamshwa kabla ya jua kuchomoza, hukatazwa kulala mchana, husuguliwa mwili kwa unga mkavu, hufanyishwa mazoezi na kupewa chakula chepesi chenye tangawizi na pilipili manga. Akiwa na nguvu ya kutosha, huweza kutapishwa kwa dawa. Aliyesumbuliwa na *vata* hufanyiwa karibu kinyume chake: hupakwa mafuta ya uvuguvugu, hupewa maziwa, samli na vyakula vya moto, na hulala na kula kwa saa zilezile kila siku. Katika jimbo la Kerala imeenea sana *shirodhara*, yaani kumiminia mafuta ya uvuguvugu polepole juu ya paji la uso kwa muda mrefu.

Charaka anataja pia njia ya tatu, isiyotumia dawa wala ibada: *sattvavajaya*, kuizuia akili isifuate mambo yanayoidhuru. Katika sehemu nyingine anashauri mgonjwa apewe maarifa, ujasiri, kumbukumbu na utulivu wa ndani. Wataalamu wengine wanaona humo mwanzo wa tiba ya mazungumzo, lakini kitabu hakielezi hatua za kufuata, hivyo kila mganga hujaza pengo kwa namna yake.

Mimea

Kwa ajili ya akili, Charaka anapendekeza vinne: maji ya *mandukaparni* (*Centella asiatica*), unga wa *yashtimadhu* pamoja na maziwa, maji ya *guduchi* na mmea wa *shankhapushpi* uliopondwa, ambao anausifu kuliko wote. Kwa wazimu alitumia samli iliyopikwa na mitishamba. Samli ya zamani, hata ya miaka 10, ilithaminiwa zaidi.

*Brahmi* (*Bacopa monnieri*) ni maarufu kwa kumbukumbu. Majaribio kadhaa ya kitabibu, mengi ya majuma 12 hivi, yalionyesha faida ndogo katika kukumbuka. Si dawa ya kunywa usiku wa kuamkia mtihani. Huweza kuvuruga tumbo. Jina lenyewe huleta mkanganyiko, kwa kuwa sehemu nyingine za Uhindi huita *brahmi* mmea wa *Centella*.

*Ashwagandha* (*Withania somnifera*) maana yake ni "harufu ya farasi", kutokana na mzizi wake. Mmea huo huota porini hata Kenya na Tanzania. Majaribio madogo na ya muda mfupi yameonyesha kupungua kwa msongo wa mawazo na usingizi kuwa bora. Ushahidi kwamba unatibu sonona ni mdogo.

Sarpagandha

Mmea wa Ayurveda uliogusa zaidi tiba ya kisasa ya akili ni *sarpagandha* (*Rauvolfia serpentina*). Mwaka 1931 Gananath Sen na Kartick Chandra Bose waliandika kuhusu matumizi yake kwa wazimu na shinikizo la damu. Mwaka 1952 kampuni ya Ciba ya Uswisi ilitenga humo kemikali ya reserpini, na miaka michache baadaye ikawa inatumika katika hospitali za akili za Marekani.

Kisha ikaripotiwa kwamba baadhi ya waliotumia reserpini kwa shinikizo la damu walipatwa na huzuni kubwa. Kwa kuwa dawa hiyo hupunguza akiba ya serotonini, noradrenalini na dopamini katika ubongo, taarifa hizo zilichangia nadharia kwamba sonona inatokana na upungufu wa kemikali hizo. Uchunguzi wa baadaye umetilia shaka ripoti zile za mwanzo.

Usalama

Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini. Uchunguzi uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70. *Ashwagandha* imehusishwa na madhara ya ini kwa watu wachache, huweza kuathiri tezi ya thairoidi, na haifai kwa wajawazito; Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. *Vacha* (*Acorus calamus*), inayotajwa sana kwa akili, imekatazwa katika vyakula nchini Marekani tangu 1968.

Uchovu na ukosefu wa ari huweza pia kusababishwa na upungufu wa damu, kisukari au thairoidi dhaifu, ambavyo hugunduliwa kwa vipimo vya maabara. Mtu mwenye mawazo ya kujiua anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Anayetumia dawa za sonona au za usingizi anapaswa kumwambia daktari kabla ya kuongeza mitishamba, na kuziacha ghafla huweza kurudisha ugonjwa.

Hali ya leo

Uhindi una shahada ya chuo kikuu ya Ayurveda na, tangu 2014, wizara maalumu ya tiba za jadi iitwayo Ayush. Kottakkal, mji wa Kerala, una hospitali ya serikali ya Ayurveda kwa maradhi ya akili. Huko Bengaluru, taasisi ya taifa ya afya ya akili NIMHANS ina kitengo cha Ayurveda ndani ya eneo lake.