Kliniki ya senti 25 iliyowasikiliza watu wa Harlem

Mwanzoni mwa 1946, mtu Mweusi wa mtaa wa Harlem, New York, aliyelemewa na mawazo hakuwa na pa kwenda. Daktari binafsi wa akili alikuwa ghali, na hospitali nyingi za jiji hilo zilimbagua. Machi mwaka huo mlango ukafunguliwa chini ya jengo la Kanisa la St. Philip's, ambako Mchungaji Shelton Hale Bishop alitoa vyumba. Daktari Fredric Wertham, mzaliwa wa Ujerumani, aliwaleta wenzake, Weusi kwa Weupe, wakafanya kazi bila mshahara. Mwandishi Richard Wright aliitetea kliniki hiyo kwa kalamu yake. Ada ilikuwa senti 25, na milango ilifunguliwa jioni, watu wakishatoka kazini.

Waliiita Kliniki ya Lafargue, kumuenzi Paul Lafargue, daktari na mwanasoshalisti mzaliwa wa Cuba mwenye asili ya Kiafrika.

Wamarekani Weusi walikuwa na kila sababu ya kuwaogopa madaktari wa akili. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, alidai kwamba mtumwa anayetoroka ni mgonjwa wa akili, na miongoni mwa dawa alizopendekeza ni viboko. Yaani kutamani uhuru kuligeuzwa maradhi!

Lafargue iliigeuza hoja hiyo. Wertham hakuamini kwamba Weusi wana akili ya namna yao. Aliamini kwamba huwezi kumtibu mtu ukiyafumbia macho maisha yake: nyumba anamobanana na wenzake, kazi anayonyimwa, dharau anayokutana nayo kila siku. Kwangu mimi, huo ndio moyo wa tiba inayoheshimu utamaduni na hali ya mgonjwa, hata kabla haijapewa jina.

Ushahidi mkubwa wa Wertham ulitoka kwa watoto. Mwaka 1951 mawakili waliopinga shule za kibaguzi Delaware waliomba msaada, na watoto wa huko, Weusi na Weupe, wakasafirishwa hadi Harlem kupimwa. Madaktari walizungumza nao, wakasikiliza wanavyoielewa hali ya kutenganishwa. Kisha Wertham akaiambia mahakama kwamba ubaguzi wenyewe ndio unaomdhuru mtoto, hata kama jengo la shule ni zuri. Mwaka 1952 Jaji Collins Seitz aliamuru watoto Weusi wapokelewe katika shule za Weupe, na kesi hiyo ikaunganishwa na nyingine katika hukumu maarufu ya Brown ya 1954, iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma.

Pamoja na hayo yote, kliniki iliendelea kutegemea michango na watu wa kujitolea, ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini kituo kingine cha aina hiyo, Northside, ambacho wanasaikolojia Mamie na Kenneth Clark walikianzisha Harlem mwaka huohuo wa 1946, kilidumu.

Taaluma yenyewe, hata hivyo, ilibadilika polepole. Mwaka 1968 wanasaikolojia Weusi, wakiwa San Francisco, waliunda chama chao wenyewe, kwa kuchoshwa na chama kikuu cha taaluma hiyo kilichopuuza jamii zao. Chama hicho kikuu kiliomba radhi rasmi kwa mchango wake katika ubaguzi wa rangi Oktoba 2021. Inauma kwamba kilihitaji miaka 53.