Forodha, Ushuru na Magendo: Maneno Matatu ya Mpakani

Neno forodha limetokana na Kiarabu, ambako lilitaja mahali pa bandarini panaposhushiwa mizigo. Asili yake, basi, si idara wala sheria, bali ni ufuko. Forodhani ya Unguja, ambayo leo ni bustani ya mapumziko, ingali na jina hilo ingawa pembe za ndovu hazipiti tena hapo.

Historia ya ushuru ni ya kuvutia zaidi. Maana yake ya awali ni sehemu moja ya kumi. Mzizi wake ndio uliotupa ashara na ishirini. Hata hivyo, mkataba ambao Seyyid Said alitiliana saini na Marekani mwaka 1833 uliweka asilimia 5 tu kwa bidhaa zilizoshushwa. Neno likabaki, hesabu ikaondoka. Ukusanyaji wenyewe ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri miongoni mwao akiwa Jairam Shivji, ambao walimlipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka na kubaki na ziada. Mwenye mali alikuwa akimlipa mfanyabiashara mwenzake.

Magendo, kinyume cha hayo mawili, ni neno la Kibantu lenye mzizi wa kwenda. Mwendo uligeuka kosa mpaka ulipochorwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na sabuni iliyovushwa kwa miguu kutoka kwa jamaa wa upande wa pili ikawa magendo.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ulianza tarehe 1 Januari 2005 kwa viwango vya asilimia 0, 10 na 25; cha 35 kiliongezwa mwaka 2022. Katika kile cha 10 ushuru umerudia hesabu yake ya kale, pengine bila mtunga sheria yeyote kutambua. Sheria yenyewe, ya mwaka 2004, ilitungwa kwa Kiingereza. Anayeagiza gari lililotumika kupitia Mombasa au Dar es Salaam huelezwa kwa Kiswahili na wakala wa forodha kwamba ushuru hutozwa juu ya thamani, naye huelewa bei aliyonunulia. Kisheria, thamani hiyo hujumlisha pia nauli ya meli na bima, na ofisa anaweza kuikataa bei iliyotajwa na kukadiria nyingine. Tofauti hiyo huigundua baada ya kutia saini, gari likiwa tayari bandarini na gharama za kulihifadhi zikiongezeka kila siku.